Mama kafanya mazoezi ya kupumua, namba imebaki palepale

Mgonjwa ni mama wa miaka 63, mkulima wa viazi na mahindi kutoka Njombe, aliyeletwa Dar es Salaam na mwanawe wa pili kwa ajili ya upasuaji wa saratani ya tumbo. Hajawahi kuvuta sigara, ila amepikia kuni tangu akiwa msichana. Mwezi uliopita hakuugua mafua wala kichomi. Damu yake (yaani himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni) ni gramu 9.2 kwa desilita. Oksijeni, kwa kipimo cha kidoleni kilichoandikwa kwenye barua ya rufaa, ni asilimia 92.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunda kwa ajili ya kufundishia. Mama huyu hayupo, lakini yanayompata ni mambo ya kila siku kwenye wodi za upasuaji, na tafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Upasuaji uliopangwa ni wa kufungua tumbo kwa mkato wa juu ya kitovu na kuondoa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula pamoja na uvimbe. Ni nusu kaputi, na makadirio ni zaidi ya saa tatu mezani. Alipofika kliniki alifundishwa mazoezi ya kupumua, akaambiwa arudi wiki inayofuata.

Wiki iliyofuata mwanawe aliingia na kipima oksijeni alichonunua duka la dawa, pamoja na daftari. Ameandika vipimo vya asubuhi na jioni, kabla ya zoezi na baada ya zoezi. "Dokta," akasema (hospitalini kila mwenye koti jeupe ni dokta, hata sisi wa fiziotherapia), "mama anafanya kila kitu ulichomwambia. Namba haipandi. Jana 96, leo 96. Tunakosea wapi?"

Hawakosei popote. Walikuwa wanatafuta faida ya zoezi mahali ambapo haipo, na kosa hilo si la ndugu wa wagonjwa peke yao. Nimesikia wenzetu wa afya nao wakisema mazoezi haya ni ya "kupandisha oksijeni kabla ya thieta".

Tisini na mbili ya Njombe

Tuanze na namba ya kwenye barua. Daktari wa zamu aliisoma akakunja uso: mtu hajaguswa na kisu na tayari ana 92, mapafu haya yatavumilia kweli? Swali ni la haki. Lakini Njombe mjini kuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kariakoo, ila mgandamizo wake ni karibu asilimia 80 tu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Mtu mzima wa nyanda za juu anaweza kusoma 92 au 93 na akalima kutwa nzima.

Mama alipopimwa Dar, baada ya kulala siku mbili kwa mwanawe Mbagala, alisoma 96. Hakuwa amefanya zoezi hata moja. Basi liliposhuka mlima Kitonga, namba yake ilianza kupanda yenyewe, mama akiwa amekaa kwenye kiti.

Hiyo haimaanishi mapafu yake ni mazima. Miaka hamsini ya moshi wa kuni huacha alama, hasa kwa akina mama wanaopikia jiko la ndani lisilo na bomba. Kwa hiyo hatukuishia kwenye kidole. Tulipanda naye ngazi za ghorofa mbili. Alifika juu anahema, lakini aliweza kunieleza bila kukatisha sentensi kwamba lifti ni ya wavivu. Mgonjwa anayefanya hivyo ananipa utulivu ambao 96 ya kwenye kioo hainipi.

Kuna jedwali la alama liitwalo ARISCAT, lililoundwa Catalonia kule Hispania kutokana na wagonjwa 2,464 wa upasuaji, na kuchapishwa mwaka 2010. Linauliza mambo saba: umri, oksijeni kabla ya upasuaji, maambukizi ya kifua mwezi uliopita, upungufu wa damu, mahali pa mkato, muda mezani, na kama upasuaji ni wa dharura. Kwa barua ya Njombe, mama anapata 3 kwa umri, 8 kwa oksijeni iliyo kati ya 91 na 95, 11 kwa damu isiyozidi 10, 15 kwa mkato wa juu ya tumbo, na 23 kwa kukaa mezani zaidi ya saa tatu. Jumla 60. Kuanzia 45 mtu yumo kwenye kundi la hatari kubwa, na katika utafiti ule asilimia 42.1 ya kundi hilo walipata tatizo la mapafu baada ya upasuaji. Kundi la kati, alama 26 hadi 44, walikuwa asilimia 13.3. Kundi la chini, asilimia 1.6.

Umri haurudi nyuma. Mkato hauhamishiki, maana uvimbe uko pale ulipo. Saa za mezani daktari wa upasuaji anaweza kuzipunguza kidogo, ila hapaswi kukimbizana na saa. Alama 8 za oksijeni zimefutwa na safari ya basi, na hapo naomba msomaji aitazame hesabu hiyo kwa jicho la pembeni: mapafu ni yale yale, na jedwali lilitengenezwa na watu ambao hawakuwa wakipima wagonjwa wa Njombe. Kitu pekee kinachoweza kubadilika kwa dhati ndani ya wiki chache ni damu.

Daktari wa usingizi ndiye aliyelisimamia hilo. Uvimbe ulikuwa unavuja damu polepole, chuma mwilini kimekwisha, na vidonge vingechukua miezi. Akaandika dripu ya madini ya chuma na kuomba wiki tatu. Daktari wa upasuaji hakufurahi, kwa sababu saratani haipendi kusubirishwa, lakini alikubali. Baada ya wiki tatu damu ilisoma 10.4. Jumla ikawa 41, kundi la kati.

Viti na daladala

Turudi kwenye daftari la kijana. Kwa nini zoezi halikupandisha namba?

Kipimo cha kidoleni kinaonyesha ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni. Kwa mtu anayesoma 96 ni kama daladala iliyokwisha jaa: mpiga debe aite mpaka sauti ikauke, abiria hawaongezeki kwa sababu viti havipo. Pumzi ndefu inaingiza hewa zaidi, ni kweli, lakini damu ilikwisha kubeba karibu yote inayoweza kubeba. Na kipimo hicho hicho hakisemi kuna daladala ngapi barabarani. Mtu mwenye damu 5 anaweza kusoma 99 akiwa anazimia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gramu moja ya himoglobini iliyojaa hubeba karibu mililita 1.34 za oksijeni. Ukipandisha damu ya mama kutoka 9.2 hadi 10.4, umeongeza mzigo wa oksijeni kwa takriban asilimia 13. Ungefanikiwa kumtoa kwenye 96 mpaka 99, ungeongeza asilimia 3 tu. Kijana aliyekuwa akihangaikia namba ya kidoleni hakuwa ameandika kwenye daftari lake hata mara moja kipimo cha damu, na sikumlaumu, maana hakuna aliyemwambia.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye daftari. Jumatano jioni pameandikwa 98, na pembeni "kizunguzungu". Nikamuuliza mama kulikoni. Akamtazama mwanawe, akacheka: "Huyu alinihesabia kama anapiga ng'oma. Pumua, pumua, pumua. Midomo ikafa ganzi, nikamwambia baba, niache nilale." Walikuwa wamekwenda haraka haraka mpaka kipimo kikapanda nukta mbili. Kupumua kwa kasi namna hiyo kunafukuza kaboni dayoksaidi kutoka kwenye damu, mishipa ya kichwani inabana, vidole na midomo vinaanza kuchezacheza. Nukta mbili zile hazikuwa na kazi yoyote, na kama angeanguka akavunjika mkono tungekuwa na kisa kingine kabisa.

Na kuna siku moja ambayo kijana aliipigia mstari mwekundu: 88. Alikuwa amepiga simu usiku kwa hofu. Siku hiyo mama alitoka harusini. Mkwe wake ni mtu wa Tanga, na hakukubali mama mkwe aende bila kupambwa, kwa hiyo vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na piko nyeusi mpaka kwenye kucha. Kifaa kile hufanya kazi kwa kupitisha aina mbili za mwanga kwenye kidole na kusoma unaotokea upande wa pili. Piko nyeusi inaunyonya mwanga kabla haujafika kwenye damu. Hina nyekundu ya kawaida haisumbui kiasi hicho. Tulipokibana kwenye kidole cha mguu, ambacho mkwe hakukifikia, kikasoma 96.

Rangi ya ngozi nayo ina neno, na hili si la kuchekesha. Teknolojia ya kifaa hiki ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, na kwa miaka mingi vifaa vilipimwa zaidi kwa watu weupe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kipimo cha kidoleni na damu ya mshipa wa ateri. Miongoni mwa waliosoma kati ya 92 na 96 kidoleni, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Yaani kifaa kinaweza kumsifia mgonjwa wetu kuliko anavyostahili. Ndiyo maana kwenye wodi, mgonjwa wa pwani akisoma 92 na anahema, mimi namwamini anayehema.

Zoezi ni la baada

Sasa tulifundisha mazoezi ya nini, kama namba haipandi?

Mtu akilala chali, kiasi cha hewa kinachobaki kwenye mapafu mwisho wa pumzi ya kawaida hupungua. Akipewa nusu kaputi kinapungua tena, msuli wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo, unalegea na kusukumwa juu na tumbo, na vifuko vidogo vya hewa vilivyo chini na nyuma ya mapafu vinajifunga. Kwa takriban watu tisa kati ya kumi wanaopewa nusu kaputi, sehemu fulani ya mapafu husinyaa hivyo. Kwa kijana aliyefanyiwa upasuaji wa kidole cha mguu hakuna shida, anaamka, anajinyoosha, anapiga miayo, mapafu yanafunguka. Kwa mtu aliyekatwa juu ya kitovu mambo ni tofauti. Kila pumzi inavuta mshono. Kukohoa ni adhabu. Kiwambo chenyewe kinafanya kazi nusu nusu kwa siku kadhaa. Uwezo wake wa kuvuta pumzi kubwa unaweza kupungua kwa nusu siku ya kwanza. Makohozi yanatuama, vifuko vinabaki vimefungwa, wadudu wanapata makao, na siku ya tatu au ya nne tunaanza kuzungumzia nimonia.

Kazi ya zoezi iko hapo, kwenye saa 48 za kwanza baada ya kuamka. Tunalifundisha kabla kwa sababu mtu aliyetoka thieta, amelewa dawa, ana maumivu na mipira mitatu mwilini, hafundishiki.

Ushahidi ulionishawishi mimi ni wa Australia na New Zealand, uliochapishwa kwenye jarida la BMJ Januari 2018. Wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo, katika hospitali tatu, walipewa kijitabu cha maelezo. Nusu yao, kwa kura, waliongezewa kikao kimoja cha dakika 30 na mtaalamu wa fiziotherapia: kwa nini mapafu huharibika baada ya upasuaji, na ni pumzi zipi za kuvuta mara tu ukifungua macho. Baada ya upasuaji wote walisaidiwa kutembea kwa utaratibu mmoja, na hakuna aliyefuatwa kitandani kufundishwa tena kupumua. Ndani ya siku 14, waliopata kijitabu peke yake walipata matatizo ya mapafu kwa asilimia 27. Waliopata zile dakika 30, asilimia 12. Kwa kila watu saba waliofundishwa, mmoja aliepushwa.

Kuna la kuweka wazi. Utafiti ule haukuonyesha tofauti ya kuaminika kwenye siku za kulazwa. Na ulifanyika mahali ambapo mgonjwa hutembezwa kesho yake na dawa za maumivu hazikatiki. Ukichukua dakika 30 zile ukazipeleka kwenye wodi isiyo na mofini wala mto wa kukumbatia, usitegemee asilimia 12.

Kikao cha mama yetu kilikwenda hivi. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za Njombe, viazi bei gani. Kisha nikamwuliza: "Mama, ukiamka kwenye nusu kaputi, kitu cha kwanza utafanya nini?"

"Nitaomba maji."

"Maji hawatakupa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafikiri. "Basi, kama maji hamna, nitapumua."

Hapo tukaanza. Vuta pumzi taratibu kupitia puani mpaka mbavu za chini zitanuke, ishike kidogo, iachie bila kusukuma. Mara kumi. Pumzika. Mara kumi tena. Kumbatia mto juu ya tumbo, kohoa mara tatu. Kila saa, ukiwa macho. Nilimweka mkono wake mwenyewe kwenye ubavu, chini ya ziwa, ili ausikie mkono ukisukumwa. Mara ya kwanza mabega ndiyo yaliyopanda na mbavu hazikutikisika, kama wanavyofanya karibu watu wote. Nikamwambia avute hewa kana kwamba anataka kukatisha kifungo cha sketi. Mbavu zikafunguka. Nikamwomba amfundishe mwanawe huku mimi nikiwa kimya, na alipomkaripia kijana kwa kupandisha mabega nikajua amelishika.

Mahali pengi utakuta mgonjwa amepewa puto au glovu apulize. Sipendi. Anayepuliza anafanya bidii ya kutoa hewa, na tatizo letu ni kuingiza. Ukimwangalia anavyopuliza, uso unamvimba, mshono unamuuma, na mwisho wake mapafu yamebaki na hewa kidogo kuliko alivyoanza. Kama glovu inamfanya avute pumzi kubwa kwanza, sawa, faida ni ile ya kuvuta. Basi tumfundishe kuvuta, glovu ibaki ya kazi yake. Vile vifaa vya plastiki vyenye vijigololi vinavyopanda mgonjwa akivuta navyo vinapendeza macho, lakini uchambuzi wa tafiti za upasuaji wa tumbo haujaonyesha kwamba vinazuia matatizo ya mapafu kuliko njia nyingine. Asiyeweza kukinunua asikose usingizi.

Kuna mazoezi ya aina nyingine ambayo ni ya nguvu kweli: kuvuta hewa kupitia kifaa chenye ukinzani, kila siku, ili misuli ya kupumua yenyewe ikomae. Wagonjwa 279 wa upasuaji wa mishipa ya moyo kule Uholanzi waligawanywa makundi mawili, na waliofanya mazoezi hayo kwa angalau wiki mbili kabla ya upasuaji walipata matatizo ya mapafu kwa asilimia 18, wenzao 35. Yalichapishwa 2006. Mama alikuwa na wiki tatu, muda ungetosha. Kifaa hakikuwepo. Tulimwongezea kutembea nusu saa kila jioni, na ngazi, ambazo alizidharau.

Kwenye thieta, kisha wodini

Kuna pumzi moja kabla ya upasuaji ambayo kweli inajaza ghala la oksijeni, nayo huvutwa mezani. Daktari wa usingizi humfunika mgonjwa barakoa ya oksijeni tupu na kumwambia avute pumzi za kawaida kwa dakika tatu, au pumzi ndefu nane kwa dakika moja. Hewa ya kawaida ndani ya mapafu inafukuzwa, oksijeni inachukua nafasi yake. Mtu mzima mwenye afya aliyejazwa hivyo akiacha kupumua anaweza kukaa kama dakika nane kabla kipimo hakijashuka mpaka 90. Asiyejazwa, dakika moja au zaidi kidogo. Namba ya kidoleni hapo itasogea kutoka 96 hadi 100, kitu kidogo mno kwa macho, na kumbe usalama umeongezeka mara kadhaa. Wagonjwa wengi huogopa barakoa, hugeuza uso, huvuta pumzi fupi fupi. Mama aliivuta kama alivyozoea na mto wake.

Upasuaji ulichukua saa tatu na dakika arobaini. Alirudi wodini saa tisa alasiri akiwa na mipira ya oksijeni puani, lita tatu kwa dakika. Kipimo: 98. Kijana alifurahi, na hapo nikamwomba asifurahi bado. Oksijeni ya mtungi inaweza kuficha mapafu yaliyosinyaa kwa muda mrefu; namba inang'aa huku chini vifuko vimefungwa.

Kesho yake saa moja asubuhi tulimtoa oksijeni akiwa amelala chali. Ndani ya dakika chache akashuka hadi 89. Hatukumrudishia mtungi mara moja. Muuguzi alikuwa amempa dawa ya maumivu nusu saa kabla, kwa makubaliano, na hilo ni nusu ya kazi. Tukamkalisha pembeni mwa kitanda, miguu chini, mto tumboni. Sikusema kitu. Alianza mwenyewe, macho yamefumbwa: kumi, kupumzika, kumi. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha uongo, cha kooni. Cha pili kilimtoa machozi. Cha tatu kikaleta kohozi zito jeupe, akalitema kwenye kikopo, akasema "eeh". Robo saa baadaye, bila oksijeni, 93.

Hapa pumzi ndefu ilipandisha namba, na tofauti na siku za kliniki iko wazi. Wakati ule hakukuwa na kitu kilichofungwa cha kufungua. Sasa kipo, na damu iliyokuwa ikipita kwenye sehemu isiyo na hewa imeanza kukutana na hewa.

Usiku wa pili saa nane alikutwa na 87, amelala fofofo, kichwa kimeshushwa chini kwa sababu ndugu mmoja aliona mama hapumziki vizuri akiwa ameinuliwa. Usiku wa pili na wa tatu baada ya upasuaji mkubwa hujulikana kwa kushusha oksijeni hivi, wakati mchana namba ni nzuri. Dawa za maumivu zina mchango, na usingizi mzito unaorudi kwa kishindo una wake. Kichwa kiliinuliwa, oksijeni kidogo ikarudishwa mpaka alfajiri. Ndugu akaelekezwa kwa upole. Alikuwa na nia njema.

Siku ya nne kulikuwa na wasiwasi. Joto 37.9, na upande wa kulia chini mapafu yanasikika kama karatasi inakunjwa. Eksirei ilionyesha mstari wa kusinyaa pale pale. Je, hilo ni tatizo la mapafu la kuhesabika? Kipimo kilichotumika kwenye utafiti wa Australia kinataka mambo yasiyopungua manne kati ya nane yaonekane siku moja: eksirei, homa zaidi ya 38, oksijeni chini ya 90 bila mtungi, makohozi yenye rangi, chembe nyeupe kupanda, sauti mpya kifuani na kadhalika. Mama alikuwa na mawili. Kwa hesabu hiyo hakuwa na tatizo. Kwa daktari wa zamu, alikuwa nusu ya njia. Hakuanzishiwa antibayotiki. Alitembezwa korido mara nne badala ya mbili, na zoezi la kila saa likasimamiwa na mwanawe, ambaye safari hii aliacha kifaa mfukoni na kuhesabu pumzi kwa vidole. Siku ya sita eksirei ilikuwa safi. Siku ya tisa aliruhusiwa, kipimo 95. Barua ya kurudia Njombe ilieleza kwamba kule atasoma 92 au chini kidogo na hilo peke yake si dharura, ila homa, makohozi ya rangi au kuhema akiwa amekaa ni dharura, namba iwe yoyote.

Siwezi kusema mazoezi ndiyo yaliyomwokoa. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Damu ilipanda, dawa za maumivu zilitolewa kwa saa, muuguzi wa usiku alikuwa macho, mwana alikuwepo. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema dripu ya chuma na zile dakika 30 ndizo zilizofanya kazi kubwa kwa gharama ndogo, na kati ya hizo mbili, dakika 30 ndizo tunazozipoteza ovyo. Mgonjwa wetu wa kawaida hukutana na mtaalamu wa fiziotherapia jioni ya kuamkia upasuaji, kama anakutana naye kabisa: ameshaambiwa asile, amesaini fomu, ndugu wanaaga, na mtu anakuja kumwambia habari za pumzi kumi. Mama huyu alifundishwa mapema, akapata wiki tatu za kulizoea zoezi mpaka likawa lake, kwa sababu moja tu: alikuwa na upungufu wa damu na upasuaji ukasogezwa mbele. Damu yake ingekuwa 12, angepewa kitanda Jumatatu, angeingia thieta Jumanne, na mimi ningemwona kwa mara ya kwanza Jumatano akiwa na mipira puani.